Hospitali ya chuo inapokuja mtaani na mahema: ni nani hasa anayehudumiwa?

1. Mtaratibu

Wakuu, heshima kwenu. Kwa miaka mitatu mfululizo, hospitali moja inayofundisha madaktari imekuja tunakoishi ikiwa na mahema, viti vya plastiki, wanafunzi waliovaa makoti meupe na kipaza sauti kinachotangaza kwamba vipimo ni bure. Kila mwaka mama yangu mkubwa amepanga foleni, amepimwa presha, ameambiwa kwamba iko juu na amepewa karatasi inayomtaka aende hospitali, kisha mahema yamekunjwa kabla ya jua kuzama. Mwaka wa pili hakuna aliyemuuliza kuhusu karatasi ya mwaka wa kwanza, na mwaka wa tatu hakuna aliyeulizia zile mbili zilizotangulia. Zote tatu zimo kabatini.

Dai langu ni kwamba huduma hizi za mkoba zinawafaa zaidi wanaozileta kuliko wanaoletewa. Wanafunzi wanapata watu wa kujifunzia, hospitali inapata picha za taarifa yake ya mwaka, na mwenye presha anabaki na presha yake pamoja na karatasi. Nilipokosea, nisahihisheni. Kama sijakosea, nielezeni kwa nini mambo huwa hivyo, maana wale watu sikuwaona kuwa wabaya. Niliwaona wakarimu, tena wamechoka.

2. KotiJeupe

Mkuu Mtaratibu, mimi ni mmoja wa hao wa makoti, niko mwaka wa nne, na ninakiri sehemu ya dai lako. Tunapewa daftari la mazoezi ambamo kila mwanafunzi anapaswa kuandika idadi ya watu aliowapima na aliowashauri, na msimamizi anatia saini. Hakuna safu ya kuandika kilichompata mtu yule baada ya mwezi mmoja. Kisichokuwa na safu hakifanywi, hata kama kila mmoja wetu anajua kwamba kingepaswa kufanywa.

Pamoja na hayo, nilichojifunza chini ya hema sikukipata wodini. Wodini mgonjwa amelala, amevaa nguo za hospitali na amekwisha kukubali kwamba ni mgonjwa. Nje nilikutana na mtu aliyesimama, mwenye haraka na shughuli zake, nami nikalazimika kumshawishi kwamba jambo asilolihisi lina uzito. Sijui chuo kingenifundishaje hilo kwa vitabu.

3. MuuguziMstaafu

Mtaratibu mwanangu, kabla hatujawahukumu hao watoto, hebu niambie: mama mkubwa alipimwaje? Presha inayoaminika hupimwa mtu akiwa ameketi kwa utulivu kama dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kupishana, mkono umepumzishwa usawa wa moyo, kibofu hakijajaa, na hazungumzi. Mkanda wa kipimo ukiwa mdogo kuliko mkono, namba hupanda. Mkono ukining'inia, namba hupanda. Aliyesimama juani saa nzima akibishana na aliyemrukia foleni, namba zake zitapanda bila msaada wa ugonjwa wowote.

Ndiyo maana kipimo kimoja cha siku moja hakitoshi kumwita mtu mgonjwa. Ikiwa namba ni 140 kwa 90 au zaidi, hurudiwa siku nyingine ndipo neno litamkwe, isipokuwa imepanda kupita kiasi au mtu ana dalili za hatari. Inawezekana kabisa kwamba karatasi zako tatu ni za foleni, si za presha.

4. Hesabu_Tupu

Naongezea hoja ya mama muuguzi kwa hesabu. Chukueni watu 1,000 chini ya hema, na tuseme 20 kati yao wana ugonjwa fulani. Kipimo kinawanasa wagonjwa 90 katika kila 100, na kinawaacha salama wazima 90 katika kila 100, jambo ambalo kwa masikio ya kawaida ni sifa nzuri. Wagonjwa 18 watanaswa. Lakini wazima ni 980, na asilimia 10 yao, yaani 98, wataambiwa kwamba wana ugonjwa wasiokuwa nao. Jumla ya waliopewa karatasi ni 116, na wenye ugonjwa kweli ni 18, chini ya mmoja kati ya sita. Waliobaki wamepewa hofu ya kwenda nayo nyumbani.

Mwaka 1968 Wilson na Jungner waliandikia Shirika la Afya Duniani vigezo kumi vya kuamua kama inafaa kuwapima watu wasiolalamika ugonjwa. Miongoni mwavyo ni kwamba kuwe na tiba inayokubalika, kuwe na mahali pa kuthibitishia na kutibia, na kazi ya kutafuta wagonjwa iwe endelevu, si ya mara moja. Siku moja ya mahema inaviangusha vigezo hivyo kabla hata ya saa nne asubuhi.

5. Mlipakodi

Mnatafuta sababu mbali. Sababu ni kodi. Nchini Marekani, hospitali isiyogawa faida husamehewa kodi kwa sharti la kuonesha manufaa kwa jamii. Kanuni hiyo ya mamlaka ya kodi ni ya mwaka 1969, kisha sheria ya afya ya mwaka 2010 ikaongeza kwamba kila hospitali ya aina hiyo ifanye tathmini ya mahitaji ya jamii angalau mara moja katika kila miaka mitatu, iitangaze na iwe na mpango wa utekelezaji. Ukishakuwa na fomu ya kujaza, hema ni rahisi kuliko dawa. Watu 400 walipimwa, picha hizi hapa, saini hapa.

6. Njia_Panda

Mlipakodi, umeeleza sheria sawasawa ila umeivusha mipaka. Mahema yapo pia katika nchi ambako hospitali ya kufundishia ni mali ya serikali na haina kodi ya kusamehewa. Tena hata huko Marekani, sehemu kubwa ya hesabu ya manufaa kwa jamii ni matibabu ya wasioweza kulipa na pengo linalobaki bima ya umma inapolipa chini ya gharama halisi, na shughuli za mtaani huwa sehemu ndogo. Hema halitoshi kumridhisha mkaguzi.

Mimi naona chanzo ni namna fedha zinavyotolewa. Mfadhili hutoa fedha kwa tukio, nalo lina tarehe, lina bango na lina idadi ya waliohudhuria. Kumfuatilia mgonjwa mmoja kwa miezi kumi na minane hakuna tarehe wala bango. Afisa anayeandika ombi la fedha analijua hilo, naye huandika kile kitakachopewa fedha.

7. Msomi_wa_Zamani

Ndugu zangu, mnazungumza kana kwamba kutoka hospitalini kwenda kwa watu ni jambo lililozaliwa na mahema. Mwaka 1940, Sidney Kark na mkewe Emily, madaktari wote wawili, walianzisha kituo cha afya Pholela, katika eneo la mashambani la Natal, Afrika Kusini. Hawakungoja foleni. Waliandaa wahudumu kutoka miongoni mwa wenyeji, wakahesabu kaya, wakachora ramani ya nani anaishi wapi na anaumwa nini, kisha wakapanga huduma kwa kufuata kile ambacho hesabu ilionesha. Lishe ilipojitokeza kuwa tatizo, bustani za nyumbani zikawa sehemu ya kazi ya kituo sawa na sindano. Walikuwa na orodha ya majina, na ninadhani orodha hiyo ndiyo iliyowatofautisha na wenye mahema.

Mwaka 1957 alifika huko mwanafunzi wa udaktari kutoka Marekani aitwaye Jack Geiger, akajifunza kazi hiyo. Miaka ya 1960, yeye na daktari mwenzake aitwaye Count Gibson, wakiwa chini ya chuo cha udaktari cha Tufts, walifungua kituo cha afya cha jamii cha kwanza cha Marekani, Mound Bayou, Mississippi. Madaktari wa pale waliandika chakula kwenye karatasi za dawa, maduka yakakitoa, na gharama ikalipwa kutoka fungu la dawa la kituo. Walipolalamikiwa, Geiger alijibu kwa maneno yenye maana kwamba vitabu vyake vya udaktari vinaitaja tiba ya utapiamlo kuwa ni chakula. Walichimba visima na vyoo pia, na wenyeji wakaanzisha ushirika wa kilimo.

8. Mkongwe_wa_Jukwaa

Msomi, somo ni zuri ila nina sahihisho moja. Cha kwanza cha Tufts kilikuwa Columbia Point, Boston, kilichofunguliwa Desemba 1965. Mound Bayou kilifuata. Watu hukitanguliza cha pili kwa sababu kisa cha karatasi za dawa kinasimulika vizuri zaidi.

9. Msomi_wa_Zamani

Nimesahihishwa, ahsante. Columbia Point 1965 ndicho kilichotangulia. Hoja ya orodha ya majina inabaki.

10. Binti_wa_Takwimu

Nami nina sahihisho, kwa Hesabu_Tupu. Hesabu yako ni sahihi kwa ugonjwa adimu, lakini presha kwa watu wazima si adimu. Weka wenye presha 300 katika 1,000, ukitumia kipimo kile kile: wagonjwa 270 wananaswa, wazima 70 wanatishwa bure, na kati ya 340 waliopewa karatasi karibu wanne katika kila watano wanayo kweli. Kwa hiyo hoja hiyo hiyo inayolifukuza hema la ugonjwa adimu inaliruhusu hema la presha. Kosa la hema la presha liko kwingine, katika kile kinachofuata au kisichofuata baada ya karatasi.

11. Hesabu_Tupu

Nakubali, nilichagua mfano uliobeba upande wangu. Lakini hata ukiacha mfano, muhtasari wa majaribio yaliyofanywa juu ya uchunguzi wa jumla wa afya kwa watu wazima, uliohuishwa mwaka 2019 na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima matokeo ya tafiti za afya, na kujumuisha takribani watu 250,000, ulionesha kwamba uchunguzi wa aina hiyo haukupunguza vifo au ulivipunguza kidogo mno. Na hao walipimwa na madaktari, ndani ya majengo.

12. Biashara_Kwanza

Mnazunguka bure. Hema ni mlango wa duka. Hospitali ina mashine mpya ya moyo, ina madaktari bingwa wanaokaa bila wagonjwa Jumatano mchana, inakuja kutafuta wateja. Karatasi ya mama mkubwa iliandikwa "nenda hospitali." Ipi? Bila shaka iliyokuwa kwenye nembo ya juu ya karatasi.

13. Mwangalizi_wa_Macho

Biashara_Kwanza, tuseme ni kweli. Je, ni lazima iwe kasoro? Hospitali za macho za Aravind, zilizoanzishwa Madurai, India, mwaka 1976 na Govindappa Venkataswamy zikiwa na vitanda 11, zilikua kwa kambi za vijijini. Wanaopatikana na mtoto wa jicho kambini hawapewi karatasi ya kwenda nayo nyumbani. Husafirishwa hadi hospitali, hufanyiwa upasuaji katika chumba safi, hulala, hulishwa, kisha hurudishwa. Wanaolipa husaidia kubeba gharama za wasiolipa. Kambi ile inaleta wagonjwa hospitalini, naam, na kuwaleta ndiyo kazi yake.

Ninachojiuliza ni kwa nini mtoto wa jicho unakubali mpangilio huo na presha haikubali. Nadhani ni kwa sababu mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mmoja na mtu akarudi akiona, na kila jirani akashuhudia. Presha ni kidonge cha kila siku kwa maisha yote, na anayekimeza hajisikii tofauti yoyote.

14. Kinyozi_wa_Pembeni

Kuna jaribio moja la presha lililokubali mpangilio huo. Lilichapishwa mwaka 2018, likiongozwa na Ronald Victor, huko Los Angeles. Lilifanyika katika saluni 52 za vinyozi, kwa wanaume weusi 319 wenye presha iliyopanda. Baada ya miezi sita, namba ya juu ilishuka kwa wastani wa 27 katika kundi moja na kwa 9.3 katika kundi la kulinganishia. Vinyozi wetu wakipewa heshima inayowastahili, wanatibu.

15. MuuguziMstaafu

Kinyozi, nakupongeza kwa ufundi, ila usivae koti ambalo hukupewa. Vinyozi walihimiza katika makundi yote mawili. Katika kundi lililofanikiwa sana kulikuwa na mfamasia aliyekuja pale pale kinyozini, akipima, akiandika dawa kwa makubaliano na daktari wa mtu huyo, na akirudi tena kurekebisha kipimo cha dawa. Katika kundi lingine vinyozi walihimiza wateja wabadili mtindo wa maisha na wakamwone daktari. Kwa maneno mengine, kundi la pili ndilo lililofanana na karatasi ya mama mkubwa, na lenyewe lilishuka kwa 9.3.

16. Kinyozi_wa_Pembeni

Nimevua koti. Hata hivyo, wanaume wale wasingekaa kumsubiri mfamasia kama si kiti changu.

17. Asiyeamini

Jamani, msinivutie historia njema pekee. Huko Camden, New Jersey, kulikuwa na mpango uliosifiwa miaka mingi: kuwatafuta wagonjwa waliolazwa mara kwa mara, kisha timu ya wauguzi, maafisa ustawi wa jamii na wahudumu wa afya kuwafuata hadi nyumbani. Mlilolidai hapa lote lilikuwamo: majina, ufuatiliaji, kutembelewa. Ulipojaribiwa kwa kugawa watu 800 kwa bahati nasibu, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionesha kwamba waliolazwa tena ndani ya siku 180 walikuwa asilimia 62.3 kwa waliofuatwa na 61.7 kwa wasiofuatwa. Kabla ya hapo kila mtu alidhani mpango unafanya kazi kwa sababu idadi ya kulazwa ilishuka. Ilishuka katika makundi yote mawili. Mtu huandikishwa siku mambo yake yamefika kilele cha ubaya, na baada ya kilele aghalabu huwa ni mteremko.

Basi Mtaratibu, huenda hata mama mkubwa angefuatiliwa kama yai, mambo yangekuwa yale yale.

18. Binti_wa_Takwimu

Asiyeamini, takwimu zako ni sahihi na onyo lako nalichukua. Lakini waliochaguliwa Camden walikuwa watu wenye magonjwa mengi kwa pamoja na matatizo mazito ya makazi na maisha, na kilichopimwa kilikuwa kulazwa tena hospitalini. Mama mkubwa ana tatizo moja lenye dawa zinazojulikana. Kumuunganisha na watu hao ni kukosea upande wa pili.

19. Njia_Panda

Nikiongezea: huenda tatizo ni kudhani kwamba lazima mtaalamu au mgonjwa ndiye asafiri. Katika Chuo Kikuu cha New Mexico, Sanjeev Arora alikuwa na foleni ndefu ya wagonjwa wa homa ya ini aina ya C, wengine wakitoka mbali sana. Kuanzia mwaka 2003 alikutana kwa video na watoa huduma wa magereza na wa vituo vilivyo mbali, wakijadili mgonjwa mmoja mmoja bila kutaja jina. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: waliopona kliniki ya chuo walikuwa asilimia 57.5, na waliotibiwa na watoa huduma wa vituo vile asilimia 58.2. Chuo kilipeleka ujuzi, kikaacha mahema nyumbani.

20. Mwenye_Shaka

Hakuna aliyetaja utafiti. Mama mkubwa alipopimwa, je, aliandikwa umri, uzito, kabila, kazi? Taarifa hizo huenda wapi? Watu hawajasahau Tuskegee, huko Marekani, ambako chuo cha udaktari kiliwaacha wanaume weusi wenye kaswende bila tiba kuanzia 1932 hadi 1972 ili kutazama ugonjwa unavyoendelea.

21. Mkongwe_wa_Jukwaa

Sahihisho tena, samahani, ni ugonjwa wangu. Utafiti wa Tuskegee uliendeshwa na Idara ya Afya ya Umma ya Marekani. Taasisi ya Tuskegee ilishirikishwa, lakini haikuwa chuo cha udaktari. Miaka uliyotaja ni sahihi. Na sehemu inayouhusu uzi huu ni kwamba wanaume wale waliambiwa wanatibiwa bure. Neno "bure" ndilo lililotumika kuwavuta.

22. KotiJeupe

Mwenye_Shaka, swali lako ni la haki, nami nitajibu kwa ninachokijua. Sisi tuliandika umri, jinsia na namba za presha, bila jina. Jina halikuandikwa ili kulinda faragha, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna anayeweza kumtafuta mtu baadaye. Sikuwahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja hadi niliposoma uzi huu. Kama majina yangeandikwa, ingebidi kuwe na ridhaa, kuwe na kabati linalofungwa au mfumo wenye nywila, na mtu wa kujibu simu. Kutokuandika ni nafuu, tena kunaonekana ni uadilifu.

23. Mhudumu_wa_Ngazi_ya_Jamii

Nimesoma kimya tangu asubuhi. Mimi ndiye ninayebaki mahema yakiondoka, kwa hiyo ruhusuni niseme kwa urefu.

Kwanza, timu ikishaondoka, watu huja kwangu na karatasi wakidhani mimi ni tawi la hospitali ile, ilhali sikuarifiwa hata tarehe ya kuja kwao. Karatasi nyingine zina maandishi nisiyoweza kuyasoma, na wakati mwingine naambiwa na mgonjwa kwamba ameandikiwa dawa, kumbe ameandikiwa kipimo. Nimewahi kumtembeza mzee mmoja kutafuta dawa ambayo ilikuwa jina la idara.

Pili, na hili halitawafurahisha wengi, watu wetu wanalipenda hema. Mtu anayekataa kwenda kituo kilichopo mwendo wa dakika ishirini atasimama kwenye foleni ya hema saa tatu. Kituoni anajulikana, akionekana kwenye benchi la presha majirani watasema. Hemani kila mtu yupo, kwa hiyo hakuna anayeonekana. Tena hema halimgombezi kwa kukosa kuja mwezi uliopita. Hofu ya kugombezwa inawafukuza watu kituoni kuliko umbali, na hilo sijaliona kwenye taarifa yoyote ya mradi.

Tatu, kufuatilia kuna pande mbili. Mtaratibu, uliziona karatasi tatu kabatini. Wewe uliuliza?

24. Biashara_Kwanza

Hapo mhudumu amefunga bao.

25. Mtaratibu

Limeingia, nami silibishi. Mwaka wa kwanza sikujua kwamba ipo karatasi. Mwaka wa pili nilimwambia aende, akasema ataenda shughuli zikipungua, nami nikaona nimetimiza wajibu. Kwa maana hiyo nilifanya kile kile nilichoilaumu hospitali: nikasema "nenda" kisha nikakunja hema langu.

Bado ninauliza, hata hivyo, kwa nini chuo chenye maprofesa wa afya ya jamii kikosee pale pale nilipokosea mimi nisiyesomea.

26. Msomi_wa_Zamani

Kwa sababu maprofesa wa afya ya jamii hawapandishwi vyeo kwa kumfikisha mama mkubwa kliniki. Mwaka 1995 Shirika la Afya Duniani, kupitia waraka wa Charles Boelen na Jeffery Heck, lilieleza uwajibikaji wa vyuo vya udaktari kwa jamii kuwa ni wajibu wa kuelekeza mafunzo, utafiti na huduma kwenye matatizo makuu ya afya ya watu ambao chuo kimekabidhiwa kuwahudumia. Ukiusoma waraka huo vizuri, hausemi lolote kuhusu siku za maadhimisho. Unauliza chuo kinamdahili nani, kinamfundishia wapi, na akihitimu anakwenda wapi. Kanada walifungua chuo cha udaktari cha Ontario Kaskazini mwaka 2005 kwa msingi huo, wakitafuta wanafunzi wa eneo lile lile na kuwafundishia katika miji midogo na jamii za wenyeji wa asili, kwa kuwa aliyelelewa mashambani ana uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi kufanya kazi mashambani. Kwa mtazamo huo hema ni dalili tu ya chuo ambacho kiko mjini kwa mwili na kwa fikra.

27. Asiyeamini

Chuo cha mashambani nacho kitakuwa na daftari la saini. Mimi nasimama na KotiJeupe: safu haipo, basi. Wekeni safu ya "alifika kituoni, ndiyo au hapana," mtaona.

28. Njia_Panda

Safu ikiwekwa bila fedha za kumpigia mtu simu, wanafunzi wataijaza "ndiyo."

29. KotiJeupe

Sina la kujitetea hapo.

30. Mwangalizi_wa_Macho

Ningependa kurudi kwa daktari mmoja ambaye hajatajwa, Julian Tudor Hart, aliyefanya kazi katika kijiji cha wachimba makaa cha Glyncorrwg, Wales. Mwaka 1971 aliandika kwamba huduma nzuri ya tiba huelekea kupatikana kwa uchache pale inapohitajika zaidi. Watu humnukuu kwa sentensi hiyo na kusahau kazi yake ya kila siku: alipima presha za karibu watu wazima wote waliosajiliwa kwake, akatunza kumbukumbu, akakaa nao miongo kadhaa. Alikuwa na kijiji kimoja tu. Hospitali ya chuo ina eneo zima, na labda hilo nalo ni jibu kwa Mtaratibu: anayewajibika kwa wote hana mtu maalumu wa kumkosa.

31. MuuguziMstaafu

Mtaratibu, tumezunguka dunia nzima na hakuna aliyekuuliza namba. Zitoe hizo karatasi utuandikie kilichomo, na tarehe zake kama zipo.

32. Mtaratibu

Nimezitoa. Ya kwanza inasema 168 kwa 96. Ya pili 171 kwa 98. Ya tatu 166 kwa 94. Tarehe zipo kwenye zote, zinapishana karibu mwaka mmoja mmoja. Mkono uliopimwa haukuandikwa, wala jina la aliyepima. Nyuma ya ile ya tatu mtu ameandika kwa penseli, "amepumzishwa, amepimwa mara mbili."

33. MuuguziMstaafu

Basi ninauondoa utani wangu wa namba 3. Vipimo vya siku tatu tofauti, vyote vimevuka 160, na kimoja kimechukuliwa baada ya kupumzishwa. Ukiviweka kwenye meza moja, hiyo si foleni tena, mwanangu. Mpeleke wiki hii, na karatasi zote tatu ziende naye. Akianza kuumwa kifua, kuishiwa pumzi, kupooza upande au kuchanganyikiwa, msingoje wiki.

34. KotiJeupe

Ile penseli inaweza kuwa yangu. Siwezi kuapa, kwa kuwa hatuandiki majina, ya wapimwaji wala ya wapimaji. Ila mwaka jana nilikuwa nikiandika hivyo kwa sababu hakukuwa na safu.

35. Mhudumu_wa_Ngazi_ya_Jamii

Akishaandikiwa dawa, mwambie amtafute mhudumu wa eneo lake kabla hazijaisha, si baada ya kuisha.

36. Mtaratibu

Ahsanteni nyote. Nimezungumza naye jioni hii. Amekubali kwenda keshokutwa, nami nitakuwa naye. Ameuliza jambo moja tu, nami sikuwa na jibu: akifika pale, atahudumiwa na daktari, au ni wale wale watoto?

37. Mkongwe_wa_Jukwaa

Mwambie watakuwepo wote wawili, ni hospitali ya kufundishia. Akimkuta aliye na penseli, akae kwake.